Mzee Anapolazwa, Nani Anazijua Dawa Zake Zote?

Mama mkubwa alikuwa amezifunga dawa zake kwenye pindo la kanga, kama wanawake wa umri wake huku Ugogo wanavyofunga hela ya mnadani. Nilipolifungua lile fundo juu ya kitanda cha wodini nikakuta vibahasha sita vya karatasi, viwili vimechanika, na baadhi ya vidonge vimeshika vumbi la ugoro. Kila kibahasha kilikuwa na mwandiko wake. Kimoja kiliandikwa 1x3, kingine 1x1, na kingine maandishi yalishafutika kwa jasho, limebaki jina la mgonjwa tu.

Siku mbili kabla ya hapo alikuwa ameanguka usiku akienda chooni, kijijini kwao wilaya ya Chamwino. Ana miaka 78. Tulimleta Dodoma mjini nyonga imevimba, tukashukuru picha ilipoonyesha mfupa haukuvunjika, wakasema alazwe waendelee kumwangalia. Asubuhi ya pili, akiwa hajala tangu jioni kwa kusubiri kutolewa damu ya vipimo, alianza kuzungumza Kigogo na mdogo wake aliyefariki miaka mingi iliyopita. Jasho lilikuwa linamtiririka, na ulikuwa mwezi wa saba, wakati Dodoma ina baridi ya kuvaa sweta. Mama wa kitanda cha jirani akatuambia kwa upole, "Ni utu uzima huo, mwacheni apumzike." Muuguzi wa zamu hakukubali. Alimtoboa kidole, kipimo kikasoma 2.4. Sukari ikishuka chini ya 3.9 kwa mtu anayetumia dawa za sukari tayari ni tatizo, na kwenye 2.4 ubongo wenyewe unakosa chakula. Akawekewa glukosi ya mshipani. Haikupita robo saa mama mkubwa akanigeukia, akaniuliza uji uko wapi.

Chanzo kilikuwa kwenye lile fundo. Wodini alipewa glibenklamaidi, dawa yake ya sukari, kama ilivyoandikwa kwenye faili. Naye, kwa kuwa ni mtu wa kufuata maagizo, alikuwa anameza na zile za kwenye kanga. Na za kwenye kanga zilikuwa vibahasha viwili, kimoja kina jina halisi la dawa, kingine kina jina la kibiashara la dawa hiyohiyo, kila kimoja kimetoka kituo tofauti. Kwake zilikuwa dawa mbili. Hakuna aliyemuuliza ana nini kwenye kanga, na sisi ndugu hatukusema kwa sababu hatukujua.

Tangu asubuhi ile nimekuwa nikisoma tafiti za usalama wa dawa kwa wazee waliolazwa. Zinasema jambo ambalo wengi wetu tusingelitarajia. Kwa sehemu kubwa, dawa zinazowaumiza wazee hospitalini wala si dawa feki au dawa mbovu. Ni dawa za halali zilizoandikwa kwa sababu za msingi, ila hazijawahi kukaa zote mbele ya macho ya mtu mmoja.

Mwili wa miaka 78

Dawa ikishamezwa ina safari yake. Inayeyuka, inaingia kwenye damu, inasambaa mwilini, inafanya kazi iliyotumwa, kisha ini linaivunja na figo zinaitoa kwenye mkojo. Kwa mzee safari hii hubadilika karibu kila hatua. Na majaribio mengi ya dawa mpya huwaacha nje wazee wenye maradhi manne au matano kwa pamoja, ambao ndio hasa watakaokuja kuzitumia. Kwa hiyo kiwango kilichoandikwa kwenye boksi mara nyingi kimetokana na watu wasiofanana na mama mkubwa.

Chukua figo. Hospitali zetu hupima kreatinini kwenye damu ili kujua figo zinafanyaje kazi, na hapo kuna mtego. Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli. Mzee akikonda misuli hupungua, taka nayo hupungua, na jibu la maabara linaweza kusoma "kawaida" wakati figo zimeshachoka. Ndiyo maana mwaka 1976 wataalamu wawili, Cockcroft na Gault, walitoa hesabu inayoingiza umri na uzito. Chukua 140, toa umri, zidisha kwa kilo za mgonjwa, gawanya kwa 72 mara kreatinini. Akiwa mwanamke, zidisha jibu kwa 0.85.

Tumfanyie mama mkubwa hesabu hiyo. 140 toa 78 ni 62. Mara kilo 48 ni 2,976. Kreatinini yake ilikuwa miligramu 1.0 kwa desilita, jibu ambalo maabara yoyote haiwezi kulishtukia, kwa hiyo tunagawanya kwa 72 na kupata 41. Mara 0.85 tunabaki na 35, yaani figo zake zinasafisha kama mililita 35 za damu kwa dakika. Kijana wa kiume wa miaka 30 mwenye kilo 60 na kreatinini hiyohiyo ya 1.0 anapata 92. Karatasi zao za maabara zinalingana, lakini figo za mmoja zinafanya kazi kidogo kuliko nusu ya za mwenzake.

Sasa rudi kwenye glibenklamaidi. Ini likiivunja, mabaki yake bado yana nguvu ya kushusha sukari, na hayo mabaki yanategemea figo ili yatoke. Figo zikiwa dhaifu yanarundikana. Mzee asipokula, au uji ukichelewa, sukari inaporomoka na hakuna wa kuizuia. Shirika la Afya Duniani lilipobadilisha orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2013 liliweka gliklazaidi badala yake, na kuandika waziwazi kwamba glibenklamaidi haifai kwa mtu aliyevuka miaka 60. Miaka 60 ndiyo umri ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua Mtanzania kuwa mzee. Hata hivyo dawa hiyo ni ya bei nafuu, imezoeleka, na bado iko kwenye mapindo ya kanga za mama zetu.

Mafuta ya mwili nayo yana habari yake. Tunavyozeeka, maji mwilini hupungua na mafuta huongezeka hata kwa mtu mwembamba, na dawa zinazopenda mafuta hujificha humo. Diazepamu, ile ya usingizi na wasiwasi, ilipimwa kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 1975. Kwa mtu wa miaka 20, nusu ya dawa ilikuwa imeondoka baada ya saa 20 hivi. Kwa mtu wa miaka 80 ilichukua kama saa 90. Mzee akimeza kidonge kimoja Jumatatu usiku, Ijumaa alasiri bado nusu yake anayo, na pengine katikati hapo ameongezewa vingine vitatu. Halafu anaamka akipepesuka, tunasema miguu imeisha nguvu.

Ubongo wa mzee pia huchukua dawa kwa ukali zaidi. Vidonge vingi vya mafua na mzio vile vinavyoleta usingizi, na amitriptilini inayotolewa kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, huzuia kemikali ambayo ubongo huitumia kukumbuka na kutulia. Kijana atalala vizuri. Mzee anaweza kuchanganyikiwa usiku kucha, akafunga choo, akashindwa kukojoa. Kuchanganyikiwa kwa ghafla hospitalini ni dalili ya hatari kama homa ilivyo, na kila mara kunastahili swali: amepewa nini jana na juzi? Yule muuguzi alipokataa neno "utu uzima" aliokoa maisha. Nalisema hili kwa sababu wauguzi wetu hulaumiwa sana na kushukuriwa kidogo.

Dawa inayozaa dawa

Siku ya tatu mfamasia alikuja kitandani, akaomba ruhusa ya kukaa, akavipanga vile vibahasha juu ya kanga kimojakimoja. Akamsalimia kwanza, "Shikamoo bibi," kisha akauliza kila kimoja kimetoka wapi, lini, na kwa shida gani. Ilichukua kama dakika ishirini. Nilikuwa nimekaa pembeni, nikaona historia ya miaka miwili inajipanga yenyewe.

Ilianzia magotini. Mama mkubwa bado anapalilia karanga zake, magoti yakawa yanauma, akanunua diklofenaki dukani. Ndiyo ile ya 1x3. Dawa za kundi hilo hubana chumvi na maji mwilini, zinaweza kupandisha presha. Miezi michache baadaye presha yake ilipimwa ikakutwa juu, akaongezewa amlodipini kutoka miligramu 5 hadi 10. Amlodipini, hasa kwa kiwango kikubwa, huvimbisha miguu. Miguu ikavimba. Akaenda kituo kingine, wakaona miguu, wakampa furosemaidi ya kutoa maji. Furosemaidi ikamwamsha usiku kwenda kukojoa, kizunguzungu kikaja pale anaposimama ghafla, na choo kiko nje, nyuma ya zizi. Akaanguka.

Kila aliyempa dawa alitibu alichokiona. Ukiuliza kituo kimojakimoja, kila mmoja ana hoja. Kosa liko katikati yao, mahali ambapo hakuna aliyesimama. Paula Rochon na Jerry Gurwitz waliueleza mnyororo huu mwaka 1997 kwenye jarida la kitabibu la Uingereza: madhara ya dawa yanadhaniwa ni ugonjwa mpya, inaandikwa dawa ya pili, nayo inaleta madhara yake. Mimi naiita dawa inayozaa dawa. Kinga yake ni swali moja ambalo lingeulizwa kila mzee anapoleta dalili mpya: je, hii inaweza kuwa imetoka kwenye kidonge alichoanza miezi ya karibuni?

Hesabu nayo haisaidii wazee. Dawa mbili zina jozi moja tu inayoweza kugombana. Dawa tano zina jozi kumi. Dawa tisa zina jozi 36. Na baadhi ya magomvi yanahitaji watatu: diklofenaki, furosemaidi, na dawa ya presha ya jamii ya losatani au enalaprili zikikutana kwa mzee mwenye kiu, anayehara au asiyekula, zinaweza kuzifunga figo ndani ya siku chache. Kila moja peke yake huenda isingemfanya kitu. Ongeza hapo mitishamba, mlonge wa sukari na mizizi ya presha, ambayo wazee wetu huinywa na hawaitaji kwa daktari kwa kuogopa kugombezwa.

Orodha zilizotungwa, na kilichofuata

Wataalamu walipoanza kuliona tatizo hili walitunga orodha. Mwaka 1991 daktari Mmarekani, Mark Beers, alitoa vigezo vya dawa ambazo wazee wa kwenye nyumba za kutunzia wazee wangepaswa kuziepuka. Vimehuishwa mara nyingi, likiwemo toleo la mwaka 2023. Mwaka 2008 madaktari wa Cork, nchini Ireland, walitoa vigezo viwili vinavyokwenda pamoja: STOPP inayoonyesha dawa za kuachishwa, na START inayoonyesha dawa ambazo mzee anazihitaji lakini hapewi. Hiyo ya pili husahaulika sana, na ni muhimu. Mzee mwenye presha ya 190 asiyepewa dawa kwa sababu "ameshazeeka" naye ameumizwa. Usalama wa dawa una pande mbili, kuzidishiwa na kunyimwa.

Orodha ni nzuri, ila zina mpaka. Watafiti wa Marekani waliangalia wazee waliolazwa kwa dharura kwa sababu ya dawa kati ya mwaka 2007 na 2009, wakachapisha matokeo mwaka 2011. Theluthi mbili ya kesi zilitokana na makundi manne tu: warfarini inayozuia damu kuganda, insulini, vidonge kama aspirini vinavyozuia chembe sahani za damu zisishikane, na vidonge vya kushusha sukari. Dawa zilizokuwa zimepigwa muhuri wa "hatari kwa wazee" kwenye vigezo vya ubora wa huduma zilihusika kwa asilimia 1.2 tu. Yaani zinazolaza wazee wengi ni zile ambazo wazee wanazihitaji kweli, zisizoweza kufutwa kwa kalamu nyekundu. Zinahitaji kupimwa na kufuatiliwa, na mtu wa kuuliza umekula nini leo.

Tafiti tatu za Ulaya zilinifikirisha kuliko zote, kwa sababu zilitumia vigezo vilevile na kupata majibu tofauti. Ya kwanza ilifanyika Cork na kuchapishwa mwaka 2016, wagonjwa 732 wa miaka 65 na zaidi. Daktari aliyefundishwa STOPP na START alipitia dawa za kila mgonjwa mapema baada ya kulazwa, kisha akazungumza na madaktari wenzake wa wodi. Kwenye kundi la kawaida, asilimia 21 walipata madhara ya dawa wakiwa hospitalini. Kwenye kundi lililopitiwa, asilimia 11.7. Madhara yalipungua karibu nusu, na hakuna mashine ya gharama iliyonunuliwa.

Watafiti wakasema, basi tuipe kompyuta kazi hiyo, ifike kila mahali. Utafiti ulioitwa SENATOR, uliochapishwa mwaka 2020, uliwapima wagonjwa 1,537 kwenye hospitali za nchi sita za Ulaya. Programu ilisoma dawa za mgonjwa, ikatoa ripoti ya mapendekezo kwa madaktari wake. Matokeo: asilimia 24.5 walipata madhara upande uliopewa ripoti, na 24.8 upande usiopewa. Hakuna tofauti. Walipochunguza waliona kwamba madaktari walifuata takriban asilimia 15 tu ya mapendekezo. Ripoti ilitoka, ikasomwa au isisomwe, wodi ikaendelea na kazi zake.

Halafu ukaja OPERAM, mwaka 2021, wagonjwa 2,008 wa miaka 70 na kuendelea katika nchi nne, nusu yao wakitumia dawa tisa au zaidi kila siku. Hapa daktari na mfamasia waliitumia programu, kisha wakajadiliana na daktari wa wodi na mgonjwa mwenyewe. Dawa zisizofaa zilipungua, na kupunguziwa dawa hakukumdhuru mtu. Lakini baada ya mwaka mmoja waliorudishwa hospitalini kwa sababu ya dawa walikuwa asilimia 21.9 upande mmoja na 22.4 upande wa pili, tofauti isiyotosha kusema lolote.

Nilikaa na namba hizi muda mrefu. Mtu anaweza kuzisoma akakata tamaa, akasema kupitia dawa hakusaidii. Mimi sizisomi hivyo. Cork walipima yaliyotokea wodini, siku chache, watu wakionana uso kwa uso. OPERAM walipima mwaka mzima baada ya mgonjwa kurudi nyumbani, kwa madaktari wengine ambao hawakuwepo kwenye yale mazungumzo. Kwa maoni yangu, pendekezo bila mtu wa kulisimamia linazimika, na hata likikubaliwa wodini, kazi ya siku moja haimfuati mzee mpaka kijijini. Mazungumzo yanatakiwa yarudiwe kila mzee anapohama mkono mmoja kwenda mwingine.

Kutoka mkono hadi mkono

Shirika la Afya Duniani lilipozindua kampeni yake ya dawa bila madhara mwaka 2017 lilitaja maeneo matatu ya kuangaliwa kwanza: mazingira yenye hatari kubwa, matumizi ya dawa nyingi kwa pamoja, na mgonjwa anapohama huduma. Mzee wa Dodoma akilazwa anakuwa kwenye yote matatu kwa siku moja. Fikiria njia yake. Ametoka zahanati ya kijiji, akapita kituo cha afya, akanunua kitu duka la dawa muhimu, pengine akafika hospitali ya wilaya Kongwa, Mpwapwa, Kondoa au Bahi, kisha akapewa rufaa ya mjini. Kila kituo kimeandika kwenye daftari lake au kadi yake, na madaftari yanabaki nyumbani chini ya godoro. Aliyemsindikiza ni mjukuu au binamu mwenye pikipiki, naye hajui bibi anameza nini.

Kwamba orodha ya siku ya kulazwa hukosewa si jambo la huku kwetu pekee. Utafiti wa Toronto, Kanada, uliochapishwa mwaka 2005 ulilinganisha dawa ambazo wagonjwa 151 walikuwa wanatumia nyumbani na zilizoandikwa walipolazwa. Zaidi ya nusu, asilimia 53.6, walikuwa na angalau kosa moja ambalo hakuna aliyelikusudia, na kosa kubwa lilikuwa dawa kusahaulika. Kanada wana kompyuta na rekodi za maduka ya dawa. Sisi tuna pindo la kanga, na naomba lisidharauliwe: lile pindo ndiyo rekodi kamili kuliko zote. Aliyelifungua wodini alijua zaidi ya faili.

Lugha yetu nayo ina mitego yake kwenye dawa. 1x3 husomwa "kimoja kutwa mara tatu", na mama mkubwa akielewa kutwa kuwa mchana, alikuwa anameza vyote vitatu kati ya jua kuchomoza na kuzama. Nimesikia pia dirishani mgonjwa akiambiwa "meza kila saa nane", na bibi mmoja akaitikia vizuri kabisa kwamba atameza saa nane mchana na saa nane usiku. Kosa halikuwa lake. Ni bora kusema asubuhi ukishaamka, mchana ukila, na usiku ukitaka kulala, kisha umwombe mzee akurudishie kwa maneno yake mwenyewe. Akirudisha tofauti, mmelikamata kosa pale dirishani kabla halijafika nyumbani.

Na dawa ikikosekana hospitalini, ndugu hutumwa kununua nje. Anarudi na boksi lenye jina jingine na rangi nyingine, mzee anaongezewa kwenye fundo, la zamani halitolewi. Jina la kulishika ni lile halisi la dawa, ambalo kwa kawaida huandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la kampuni. Mwombeni muuzaji alizungushie kalamu.

Kuna mambo machache ningeyafanya leo mzee wangu akilazwa. Ningebeba kila kitu anachomeza, pamoja na mizizi, dawa ya macho na ya kupaka, nikavikabidhi kwa muuguzi, nikauliza waziwazi: hizi za nyumbani aendelee nazo au azisimamishe? Ningehakikisha hakuna kinachobaki kitandani kwa siri. Ningeuliza kuhusu chakula kila anapopewa dawa ya sukari. Na siku ya kuruhusiwa, siku ambayo sote tunakimbilia usafiri, ningekaa dakika kumi zaidi kuuliza ipi mpya, ipi imeachwa na kwa nini, ipi imebadilishwa kiwango, na nani atapima tena, lini. Kitu kimoja nisingekifanya ni kumwachisha dawa mwenyewe kwa sababu nimesoma makala. Dawa za kifafa, za usingizi zilizotumika muda mrefu, predinisoloni na baadhi ya dawa za moyo zikikatwa ghafla huleta balaa kubwa kuliko ile iliyokimbiwa. Kupunguza ni kazi ya daktari, polepole, moja baada ya nyingine.

Madhara yakitokea yaripotiwe. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, yenye makao makuu hapahapa Dodoma, hupokea taarifa hizo, na watumishi wa afya wanaijua fomu ya njano. Nilimwomba mfamasia aijaze kwa kisa cha mama mkubwa, akaijaza mbele yangu. Taarifa moja ni ndogo, lakini bila hizo taarifa hakuna atakayejua wazee wangapi wa kanda ya kati wanaporomoka sukari kwa dawa ambayo dunia imeshasema isipewe mtu wa umri wao.

Baada ya zile dakika ishirini mfamasia alikwenda kuzungumza na daktari. Glibenklamaidi ikaachwa, metformini, dawa yake nyingine ya sukari, ikapunguzwa kulingana na ile hesabu ya figo ya 35, amlodipini ikarudi 5, furosemaidi ikasimamishwa kwa makubaliano kwamba zahanati itaangalia miguu na presha baada ya wiki mbili. Palipokuwa na ubishi ni diklofenaki. Mama mkubwa alisema magoti ni yake na palizi haimsubiri mtu. Mfamasia hakumkatalia kwa ukali. Alimweleza figo, akampa parasetamoli, akamwonyesha jinsi ya kukanda kwa maji ya moto, akamwambia maumivu yakizidi arudi, asinunue. Mama mkubwa akanyamaza kidogo, akasema, "Haya mwanangu, nitajaribu."

Vibahasha sita vikawa vitatu, kimoja cha sukari, kimoja cha presha, kimoja cha magoti. Niliviandika kwenye daftari jipya, jina halisi, kiwango, asubuhi au usiku, na sababu. Mama mkubwa hasomi, kwa hiyo daftari limepewa mjukuu wake wa darasa la sita. Kila jioni kabla ya ugali wa uwele anamsomea, na bibi anafungua pindo la kanga kuhakikisha yanalingana.